Shangazi, mchoro wangu umepewa mwenyewe mwingine

Shangazi, mimi ni mchoraji mhamiaji, mwaka wa tatu sasa katika kampuni ya matangazo. Msimamizi hanitaji jina, ananiita "Mwafrika wetu". Nikizungumza, wenzangu huiga lafudhi yangu na kucheka. Mwezi uliopita michoro yangu 12 ilipelekwa kwa mteja ikiwa na jina la msimamizi. Nilipouliza, nikaambiwa nishukuru nina kazi. Kibali changu cha kuishi kinamtegemea mwajiri huyu. Siku hizi hata nyumbani nikishika penseli mkono unakataa. Ninyamaze?
Mkono Uliofichwa

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye hilo la mkono kukataa. Linanitisha kuliko michoro 12.

Wapo watakaokuambia funika kombe mwanaharamu apite. Mimi siwezi. Ila usiende kesho kugombana ofisini, maana wataijadili hasira yako na michoro itasahauliwa.

Nani anamiliki kazi ni swali moja, nani aliichora ni jingine. Hukunitajia nchi uliko, nami sikulaumu, lakini sheria hutofautiana sana. Uingereza, kwa sheria ya 1988, kazi aliyoifanya mwajiriwa katika majukumu yake ni mali ya mwajiri, mkataba usiposema vingine. Marekani mwajiri huhesabiwa kuwa ndiye mtunzi mwenyewe. Ufaransa, kuajiriwa peke yake hakumwondolei msanii haki zake. Kwa hiyo toa mkataba wako ukisome kipengele cha hakimiliki, kisha tazama tarehe za michoro. Uliyochora kabla ya kuajiriwa, au kwako nje ya majukumu yako, huenda ni yako kabisa. Katika nchi za Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda kazi za watunzi, huhitaji kuisajili, haki huzaliwa pamoja na mchoro. Tangu 1928 mkataba huo unatambua pia haki ya msanii kutajwa kuwa ndiye mtunzi, hata akishauza kazi yake, ingawa si kila nchi inampa mwajiriwa haki hiyo kikamilifu.

Zipige picha rasimu zako za penseli leo. Andika siku, nani alikuwepo, alitamka nini hasa. Hilo "Mwafrika wetu" liandike lilivyo. Usihamishe mafaili ya kampuni kwenda kompyuta yako ya nyumbani, watakugeuzia kibao.

Na hayo ya lafudhi usikubali yaitwe utani. Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unataja rangi na asili ya taifa miongoni mwa misingi ya ubaguzi kazini. Mimi naona matusi na wizi huo ni jambo moja. Aliyezoea kutolitaja jina lako hakuona taabu kulifuta kwenye kazi yako. Ndiyo maana malalamiko yako yaandike yote mawili katika barua moja, uwapelekee wanaoshughulikia wafanyakazi, uombe wakujibu kwa maandishi. Kama kuna chama cha wafanyakazi, jiunge kabla ya kuituma. Usikawie lakini, kwani muda wa kupeleka madai ya ubaguzi mahakamani huwa mfupi.

Kibali chako nakielewa, wala woga wako si udhaifu. Usiandike barua ya kuacha kazi kabla ya kuonana na wakili wa uhamiaji. Muulize ukiondoka una siku ngapi za kupata mwajiri mwingine, na kama unaruhusiwa kubadili mwajiri ukiwa huko huko. Na karatasi yoyote utakayopewa ya "kumaliza jambo hili kindugu", usiitie saini siku hiyo.

Usiku wa leo, kabla ya yote hayo, chukua karatasi chakavu. Chora mkono wako wa kushoto, hata ukitoka vibaya, na chini yake andika jina lako lote, la kwako na la baba yako. Nitumie niuone.