Barua kwa mwanangu: pesa ya korosho ifike msimu mwingine

Somoe mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata: mnada wa kwanza umekuingizia shilingi 1,500,000 kwa kilo 600, mikorosho 60 ya babu yako sasa iko kwa jina lako, na unauliza uipange vipi pesa hiyo isikauke Machi kama inavyowakaukia majirani hapo Kitangari. Umegusia pia pikipiki ya mkataba. Hilo tulimalize kwanza: usichukue. Rejesho lake ni la kila siku au kila wiki, na korosho inalipa kuanzia Oktoba hadi Desemba, basi. Anayeichukua Novemba kwa furaha, Mei wanakuja kuibeba.

Wengi huanza kugawa pesa kwa mahitaji ya nyumbani, shamba likaambulia makombo. Wewe anza na shamba, maana gharama zake zinakuja wakati mfuko umeshalegea. Toa 450,000 sasa hivi, iweke kwenye akaunti ya benki ambayo hukuiunganisha na simu.

Itatumika hivi. Kupogolea kunafanyika mavuno yakiisha: matawi makavu, yanayoburuza chini, na machipukizi ya shinani. Palizi ni Februari au Machi, majani yakiwa bado laini; ukingoja Mei yakomae, kibarua atakudai zaidi na atakuwa na haki. Kisha unafyeka chini ya miti kabla ya korosho kuanza kudondoka, la sivyo utazipoteza kwenye nyasi au utaziokota zimeshalowa na kuwa nyeusi.

Fungu kubwa ni salfa na blowa, mashine ya kuipulizia. Mkorosho mkubwa unapigwa robo kilo ya salfa ya unga kwa mzunguko mmoja, mizunguko mitano. Kwa miti yako 60 ni kilo 15 kila mzunguko, kilo 75 kwa msimu, yaani mifuko mitatu ya kilo 25. Usimfuate jirani kwa tarehe. Fuata miti yako. Anza maua yanapochomoza, Juni au Julai, urudie kila baada ya wiki mbili hadi tatu. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, unashika maua machanga na majani laini, na ua likishavaa ule unga wa kijivu ndiyo basi tena. Salfa inakinga, haifufui. Mimi ningependa upige mizunguko mitatu ya mwanzo kwa wakati kuliko mitano iliyochelewa. Piga asubuhi mapema, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo umetulia. Jua likishapanda unga unaelea hadi shamba la wenzio. Unachoma macho na kifua, kwa hiyo mpiga dawa avae miwani na barakoa hata akikuambia amezoea. Na salfa haiui wadudu. Ukiona machipukizi yanakauka yakiwa na madoa meusi, hao ni mbu wa mikorosho, wanataka dawa yao. Muulize bwana shamba au watafiti wa kilimo wa kituo cha Naliendele, siyo muuza duka.

Pembejeo za ruzuku anapata aliyesajiliwa, kwa hiyo nenda AMCOS, yaani chama chenu cha msingi cha ushirika, uhakikishe jina lako linafanana na la kitambulisho cha NIDA na idadi ya miti imeandikwa sawa. Hata hivyo, usifute hela ya salfa kwenye hesabu. Mgao ukichelewa wiki tatu, maua hayakungoji.

Sasa kangomba, yaani kuuza korosho kabla hujavuna kwa mtu anayekutangulizia pesa, maana hapo ndipo vijana wengi wanaozea. Hakuna anayeuza kangomba kwa kupenda. Februari mtoto anaumwa, unga umeisha, mtu anakuja na 100,000 mkononi, hana fomu wala mdhamini, anasema Oktoba utampa kilo mia. Ukipiga kwa malipo yako ya msimu huu, 2,500 kwa kilo, umekopa laki moja unalipa laki mbili na nusu kwa miezi minane. Na huyo hapimi kwa mizani, anapima kwa bakuli lake, kwa hiyo kilo mia zinakuwa zaidi ya mia. Biashara hiyo imepigwa marufuku, ndiyo maana hata akikudhulumu huna pa kushtaki. Kibaya kuliko vyote, Oktoba korosho zako za mwanzo zinakwenda kwake, unabaki na chache za kupeleka ghalani, na Februari inayofuata unamwita mwenyewe. Kwa hiyo tenga 150,000 za ugonjwa na dharura, na uziogope. Harusi si dharura.

Njaa ya Januari hadi Machi ndiyo inayomleta mtu wa kangomba mlangoni, kwa hiyo nunua mahindi mwezi huu huu kabla bei haijapanda. Nyumba yenu ni watu watatu. Weka kilo kumi kwa kila mtu kwa mwezi, kwa miezi minne ni kilo 120: gunia la kilo mia na debe moja la kilo ishirini. Tenga 200,000 kwa mahindi, maharage na mifuko ya kuhifadhia. Nunua ile mifuko ya kinga njaa, yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje. Kabla ya kujaza, pima ukavu: chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, tikisa, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yaanike tena. Ukiyafunga hivyo yataota ukungu humo humo. Jaza, kandamiza hewa itoke, sokota shingo ya nailoni ya ndani, ikunje, ifunge kwa mpira, kisha ya pili, kisha kiroba. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta. Tundu dogo la panya linaharibu kazi yote, kwani dumuzi wanakufa kwa kukosa hewa, siyo kwa dawa.

Pesa ya mwezi ni 50,000, kuanzia Desemba hadi Septemba, jumla 500,000. Hiyo ni samaki, mafuta, sabuni, umeme, nauli. Kila tarehe mosi hamishia kwenye simu kiasi hicho tu. Ikiisha tarehe 20, mle mihogo ya shambani mpaka mwezi uandame. Michango ya unyago na harusi itengee 50,000 kwa mwaka mzima. Ikiisha, sema imeisha. Hapo watakunung'unikia, hasa shangazi zako, na mimi nitakuwa upande wako. Zinabaki 150,000, hizo ni zako; nunua bati ukitaka, au kitenge, sikuulizi.

Ungeweza pia kupanda ufuta Januari au Februari pale penye uwazi ambapo kivuli cha mikorosho hakifiki. Unavunwa kuanzia Mei, kwa hiyo pesa yake inaingia karibu na salfa. Ukate vitumba vya chini vikianza kuwa njano. Ukisubiri vyote vikauke, vinapasuka na mbegu zinamwagika chini. Simamisha matita juu ya turubai.

Kuhusu makato uliyolalamikia: bei inayotangazwa mnadani siyo inayofika mfukoni. Kuna ushuru wa halmashauri, makato ya chama cha msingi na chama kikuu, ghala, usafiri, magunia. Usimtukane karani, omba orodha ya makato uipige mwenyewe. Na stakabadhi usiondoke nayo kabla ya kuisoma hapo hapo kwenye mizani: jina, kilo, daraja, namba ya akaunti. Tarakimu moja ikikosewa, malipo yanarudi, na kuyafuatilia ni wiki. Kausha korosho siku mbili tatu juani, chambua mbovu na changa kabla ya kupeleka, maana gunia likishushwa daraja, nzuri na mbovu zinauzwa kwa bei moja ya chini.

Tarehe ya malipo pia huipangi wewe. Mwaka 2018 wanunuzi waliweka bei ndogo, Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na kuna waliopata pesa zao mwaka 2019. Kwa hiyo usikope kwa kutegemea mnada wa pili, hata kama karani amekuambia ni wiki ijayo. Na akipiga mtu anayejiita wa benki au wa ushirika anataka namba ya siri, kata simu.

Mnada wa pili ukilipa, nusu ya pesa iende fungu la shamba, nusu fungu la dharura, kisha unitumie picha ya stakabadhi zote mbili nizilinganishe kilo.

Mama yako,
Mikindani