Maswali na Majibu: Ramani ya Kupakua Kabla ya Kutoka Lubumbashi

Mvua zikikatika na barabara za udongo zikianza kukauka, barua za wasomaji huacha injini na kugeukia njia. Safari hii nimechagua zile za ramani na vifaa vya GPS, kwa kuwa wengi mnauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti.

Nina Land Cruiser ya zamani, natembea sana upande wa Mitwaba na Kiubo. Rafiki mmoja anasema ninunue kifaa cha GPS cha Garmin, mwingine anasema simu inatosha. Nani ana haki? (Dereva, Kampemba)

Wa simu ana haki nusu. Kwa kuonyesha njia, simu ya kawaida yenye programu ya Organic Maps au OsmAnd inafanya kazi vizuri, na skrini yake inasomeka kuliko ya Garmin ndogo za mkononi. Zote mbili zinatumia data ya OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuirekebisha. Organic Maps ni ya bure, haina matangazo, na hata mzee asiyependa simu ataielewa. OsmAnd ni nzito kuizoea, na toleo lake la bure lina kikomo cha ramani, lakini inakupa mistari ya miinuko na inarekodi njia vizuri. Mimi ningeweka zote mbili. Google Maps nayo inapakuliwa, ila ukiacha mji njia ndogo nyingi hazimo, na ramani uliyopakua ina muda wake: usipoisasisha inakwisha.

Simu inaposhindwa ni pale inapokuwa peke yake. Iko juani kwenye dashibodi, inachaji, skrini inawaka siku nzima. Inapata joto, inajizima. Au tundu la chaja linajaa vumbi jekundu na waya haushiki tena. Kwa hiyo kabla ya kutafuta pesa ya Garmin, chukua simu ya zamani uliyoiacha kwenye droo, itie ramani zilezile, ijaze chaji, izime na uifunge kwenye mfuko wa plastiki. Hicho ndicho kifaa chako cha pili, na hakikukugharimu kitu.

Garmin inaanza kuwa na maana kama unakwenda mara kwa mara na motokari moja tu. Faida ya Garmin ya eTrex 22x au 32x inaeleweka: ni ndogo, haiogopi mvua, na inatumia betri mbili za AA, zile za tochi, ambazo utazipata soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi na hata kwenye kibanda cha kijijini. Lakini usidhani ukiitoa kwenye boksi iko tayari. Ramani inayokuja nayo kwa huku kwetu ni tupu karibu yote. Lazima uiongezee ramani ya OpenStreetMap au ile ya Tracks4Africa, iliyojengwa kwa njia zilizorekodiwa na wasafiri wenyewe. Hiyo ya pili imejaa sana Namibia, Botswana na Zambia. Ukivuka mpaka wa Kasumbalesa kuja kwetu inapungua.

Motokari yangu imetoka Japani ikiwa na skrini ya ramani. Naweza kuitumia? (Katuba)

Hapana. Ramani iliyomo ni ya Japani. Itumie kwa redio.

Watu wanabishana: bila mtandao, GPS ya simu inafanya kazi au haifanyi? (Mwanafunzi, Lubumbashi)

Inafanya kazi, hata bila SIM kadi. Simu haiombi satelaiti kitu. Inasikiliza tu, kama redio. Satelaiti za GPS ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, na simu ikisikia nne inajua iko wapi na kwa urefu gani. Simu nyingi za sasa zinasikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, ndiyo maana hata chini ya miti ya msitu wa miombo mshale haupotei.

Ubishi unatoka hapa: mjini mshale unatokea mara moja, porini unakawia, na mtu anaamua kwamba imekufa. Mjini mtandao unaipa simu habari za satelaiti zilipo. Porini inabidi izipokee kutoka kwa satelaiti zenyewe, na zinazituma polepole sana. Satelaiti moja inahitaji nusu dakika hivi kusema mahali pake, na orodha ya satelaiti zote inachukua dakika 12 na nusu. Simama mahali peupe, usitembee, subiri. Afadhali zaidi, washa ramani ukiwa bado mjini na uiache iwake.

Tahadhari moja kwa wanaopenda skrini kubwa: iPad ya Wi-Fi pekee, isiyotumia SIM ya aina yoyote, haina GPS ndani. Utaona ramani nzuri isiyo na mshale.

Ninanunua samaki wakavu Kilwa ya Ziwa Mweru. Simu ilimwambia dereva wangu saa chache tu, akafika usiku wa manane, samaki wamelowa. Ramani gani haidanganyi? (Mama mfanyabiashara, Ruashi)

Mama, kwenye saa zote zinadanganya. Programu inaona barabara imeandikwa kuwa ni kubwa, inachukua mwendo wa kawaida wa barabara za aina hiyo na kugawanya kilomita. Haijui kama mwezi wa pili lori limezama katikati na mengine yamepanga foleni nyuma yake. Mara nyingi aliyechora njia hiyo aliichora kutoka kwenye picha ya satelaiti, akiwa mbali, na picha imepigwa kiangazi, wakati hata dembo (bonde tambarare la nyasi) ni kavu. Masika dembo hilo ni maji.

Mwambie dereva aangalie kilomita tu, saa azipuuze. Halafu kwenye kila kituo aulize madereva wanaotoka kule anakokwenda, na aulize maswali membamba. "Barabara ni nzuri?" haisaidii, kila mtu atajibu ndiyo. Aulize: daraja la miti baada ya kijiji fulani liko? Lori la mwisho lenye mzigo limepita lini? Lilikuwa tani ngapi? Jibu akiliweka kama alama kwenye ramani, pamoja na tarehe, safari ijayo hataanza upya.

Nilitumiwa namba za ramani (latitudo na longitudo) za kijiji ambako tunakwenda kuchimba kisima. Nikaziandika, simu ikanipeleka Sudan. Tatizo ni namba au simu? (Fundi, mtaa wa Kenya)

Ni alama ya kutoa. Sisi tuko kusini ya ikweta, kwa hiyo namba ya kwanza lazima iwe na alama hiyo mbele. Chukua Lubumbashi yenyewe: -11.66, 27.48. Ondoa kile kistari na uko Kordofan, Sudan. Kiache, lakini geuza mpangilio wa namba mbili, na uko Sahara Magharibi.

Makosa hayo mawili ni mazuri kwa sababu yanaonekana. Yanayoumiza ni madogo. Sisi tumefundishwa shuleni kuandika 11,66 kwa koma, na programu nyingi zinachukulia koma kama mpaka kati ya namba ya kwanza na ya pili, andika nukta. La pili ni dakika. Mtu akikutumia 11°40′, maana yake ni nyuzi 11 na dakika 40, na dakika 40 ni theluthi mbili ya nyuzi moja: 11.667. Ukiandika 11.40, umesogea kaskazini kilomita 30 hivi. Simu haitalalamika, itakupeleka kwenye pori lingine la kusini kama lile ulilolitaka, na utachoma mazuti kuzunguka ukiuliza kijiji ambacho hakipo pale.

Omba namba ziandikwe kwa nukta, na jina la kijiji na la chifu pamoja nazo. Kabla ya kuondoka zitazame kwenye picha ya satelaiti. Unaona paa?

Nilirekodi njia ya kwenda, wakati wa kurudi nikakuta mstari umekatika katikati. (Likasi)

Simu ya Android inaua programu zinazofanya kazi skrini ikiwa imezimwa, ili kulinda betri. Ingia kwenye mipangilio ya betri, tafuta programu yako ya ramani, iruhusu kufanya kazi bila kizuizi. Jaribu kwa kuzunguka mtaa skrini ikiwa imezimwa. Kila jioni hifadhi safari kama faili la GPX na mtumie mwenzako kwa Bluetooth. Faili hilo linafunguka OsmAnd, Organic Maps na hata kwenye Garmin. Nikiulizwa ramani bora ya Mitwaba ni ipi, nitasema ni GPX ya dereva aliyerudi wiki iliyopita.

Babu aliniachia ramani za karatasi za wakati wa Wabelgiji, zimeandikwa Élisabethville na Jadotville. Zina kazi bado? (Kamalondo)

Zina kazi kubwa, na nakuonea wivu. Majina ya miji yalibadilishwa 1966 kuwa Lubumbashi na Likasi, lakini mto Lufira haukuhama wala milima ya Kundelungu. Njia nyingi za leo bado zinafuata tuta za zamani, na mito midogo imechorwa kwa uangalifu kuliko kwenye simu. Usinakili tu namba zake moja kwa moja: ramani za zamani za Katanga zilipimwa kwa msingi mwingine wa vipimo, GPS inatumia ule uitwao WGS 84, na tofauti inaweza kuzidi mita 100. Kwa mlima si kitu. Kwa kivuko usiku ni mbali. Zipige picha kabla mchwa hawajazipata.

Mume wangu anaingia upande wa Upemba wiki nzima bila mtandao. Kuna kitu cha kunijulisha kwamba yuko salama? (Mama, Golf)

Kipo, Mama. Garmin inReach inatuma ujumbe mfupi na mahali alipo kupitia satelaiti 66 za Iridium, ambazo zinapeana ujumbe zenyewe angani na kufika duniani kote. Vifaa vya SPOT vinatumia Globalstar, na satelaiti zake zinahitaji kituo cha ardhini kilicho karibu. Kwa huku ningevikwepa. iPhone 14 na zilizofuata zina kitufe cha dharura cha satelaiti, lakini kwa nchi chache tu, na Kongo haimo.

Bei ya kifaa ni mwanzo, kuna ada ya kila mwezi. Na kile kitufe cha SOS msikitegemee sana. Ujumbe utafika kituo cha dharura Marekani, wao watatafuta mtu wa kumpigia huku, na hakuna helikopta inayongoja. Ingiza kwenye orodha ya kifaa namba yako, ya fundi wenu wa Likasi na ya mwenye motokari anayeweza kuondoka usiku. Mpatane pia: kimya cha saa ngapi ndicho cha kuanza kumtafuta? Akitaka simu kamili ya satelaiti, aulizie kwanza ruhusa kwa mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, ARPTC.

Bariera za karibu na migodi hazitaniletea matata na mashine hizi? (Dereva, Kampemba, tena)

Zinaweza. Kifaa chenye antena kinaulizwa maswali ambayo simu haiulizwi. Beba risiti yake na "ordre de mission" (barua ya safari ya kikazi) yenye mhuri, kiweke chini kabla hujafika kwenye kamba, usipige picha. Njia ya ramani inayoingia ndani ya mgodi iache hata kama ni fupi. Kwenye simu imefunguka, pale ina mlinzi na kufuli. Drone ibaki nyumbani.