Ofu-waiti mbili zinazofanana: ipi ipakwe sebuleni?

Swali: Fundi, sebule yetu hapa Dar es Salaam ina mita 4 kwa 5, dirisha kubwa linatazama magharibi, sakafu ni vigae vya kijivu. Nimebakiwa na ofu-waiti mbili: moja ina ukrimu kwa mbali, nyingine ina ukijivu. Kwenye kadi ya dukani naziona ni zilezile. Nipake ipi?

Jibu: Kwa chumba hicho, chukua yenye ukijivu. Jua la alasiri linaloingia kwa dirisha la magharibi lina unjano wake. Likikutana na ukrimu, ikifika saa kumi na moja ukuta utaonekana kama siagi. Vigae navyo vitazidisha, maana ukrimu ukikaa karibu na kijivu huonekana wa njano kuliko ulivyo. Sakafu ingekuwa ya kahawia au ya mbao, ningekwambia chukua ile nyingine.

Hata hivyo, jaribu kwanza. Weka kadi zote mbili juu ya karatasi nyeupe ya A4 karibu na dirisha. Jicho likipata cheupe halisi cha kulinganishia, tofauti itajitokeza papo hapo. Kisha nunua kopo dogo la kila rangi, upake mikono miwili (yaani tabaka mbili) kwenye vipande vya plaiwudi vya sentimita 60 kwa 60. Usijaribie ukutani: rangi ya zamani iliyo pembeni hudanganya jicho, na plasta isiyopigwa praima (rangi ya msingi) hufyonza rangi ikatoka mabaka. Acha ikauke kabisa, kwani rangi ya maji ikiwa mbichi haifanani na ikikauka. Visimamishe vipande wima, usivilaze mezani, uvitazame asubuhi, mchana, alasiri na usiku taa zikiwaka.

Usiku ndipo yenye ukijivu huweza kukuudhi. Soma boksi la balbu: ikiwa ni 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga), ukuta utaelekea ubluu. Weka za 4000K kabla hujailaumu rangi.

Kuta zikiwa na kimo cha mita 3, ukitoa mlango na dirisha, zinabaki kama mita za mraba 48. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono miwili inataka makopo matatu ya lita 4. Yanunue siku moja, uyamimine yote kwenye ndoo moja na kukoroga kabla ya kuanza. Rangi ya kuchanganywa kwa mashine hutofautiana kidogo kati ya kopo na kopo, na ukibadilisha kopo katikati ya ukuta, mpaka wake utauona kila siku.