Kifaru changu kinaonekana kama toi, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi fundi. Mi msomaji wenu wa Bukoba, nimemaliza kuunga modeli ya plastiki ya kifaru cha T-55 ya skeli 1/35 (ndogo mara 35 kuliko chenyewe), naiweka kwenye diorama, yaani mandhari ndogo ya mezani, ya Lukaya kule Uganda, vile vifaru vya Walibya waliokuja kumsaidia Amin Machi 1979 kwenye vita vya Kagera. Barabara ipo, tope lipo, nimepaka mpaka juu ya mzinga ila bado naona toi limewekwa mezani. Nakosea wapi? Na mafunjo natengenezaje?

JIBU: Ndugu yangu kinachokosekana hapo ni uzito. T-55 ni kama tani 36, ikikanyaga kinamasi lazima izame, sasa inaonekana tope lako lilikauka kwanza ndo ukaweka kifaru juu. Bomoa hiyo sehemu, koroga jasi, gundi nyeupe ya mbao na udongo mwekundu uliochekechwa kwa chujio la chai (ukaange kwanza kwenye sufuria kavu usije ukaota ukungu), mwaga unene wa sentimita moja, likianza kushika funika minyororo na nailoni nyepesi, kandamiza kifaru kwa mikono miwili mpaka kiingie, kitoe, acha alama zikauke, utakirudisha mwishoni. Mi ningekiinamisha kabisa, mnyororo mmoja barabarani mwingine kwenye kinamasi, maana barabara ya Masaka–Kampala pale inapita katikati ya majimaji. Mzinga uelekee Masaka, Walibya walikuwa wanatokea upande wa Kampala.

Halafu angalia mnyororo wenyewe. T-55 haina vigurudumu vya juu vya kuubeba, unalala juu ya magurudumu yale matano makubwa na kubonyea kwenye nafasi kati ya la kwanza na la pili, lakini mnyororo wa raba wa kwenye boksi la modeli unakaa umenyooka hewani, na hapo ndo watu wanaona toi hata kama hawajui kwanini. Weka tone la supagluu juu ya kila gurudumu, bonyeza mnyororo na kijiti cha meno mpaka ushike.

Tope la juu ya mzinga futa lote. Tope linakaa chini, kwenye magurudumu na matumbo ya kifaru, juu ni vumbi tu na alama za buti karibu na mlango wa dereva. Lililokauka lipauke, bichi lipake vanishi ya kung'aa.

Mafunjo chukua njiti za ufagio, kichwani gundisha nyuzi za kamba ya katani uzitawanye, paka kijani. Yasiwe mafupi! Mafunjo yanafika mita 4, kwa skeli yako ni sentimita 11 na kifaru chenyewe kimo chake hakifiki 7, kwahiyo yakipite. Na tafadhali weka hata askari mmoja wa sentimita 5, watu walikufa pale, wa pande zote.

SWALI: Tina ya rangi za magari naweza kuchanganyia rangi ya modeli? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hapana kaka, inayeyusha plastiki, utaona uso unalainika na vile viriviti vidogo vinapotea. Rangi ya akriliki changanya na maji au tina yake yenyewe, za mafuta tumia waiti spiriti, na madirisha yawe wazi.