Mbona darubini ya eksirei haiwekwi tu juu ya kilima?

SWALI: Assalam aleikum. Kijana wangu yuko fomu thrii, kaja na habari ya skuli kwamba kuna darubini za eksirei huko angani na sasa wazungu wanataka kurusha nyengine kubwa zaidi. Mimi namwambia si waiweke mlimani tu, eksirei hospitali inapita mwilini mwa mtu, itashindwa na hewa? Na hizo zilizopo zina kasoro gani? (Msomaji, Wete, Pemba)

JAWABU: Waaleikum salam ndugu yangu. Kwanza darubini hii haipigi eksirei, inazipokea, zinatoka zenyewe kwenye vitu vyenye moto wa mamilioni ya nyuzi, mfano gesi inayozunguka shimo jeusi, yaani kitu cha angani chenye mvutano mkali hata mwanga hautoki, kabla haijamezwa. Sasa kuhusu hewa, ndiyo, inashindwa! Hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu ukiikusanya uzito wake ni sawa na maji ya kina cha mita 10, yaani pima tano na ushee, na kifua cha mtu ni kina gani? Mlima hausaidii, lazima upande juu kabisa.

Na hapa nataka kijana asikie vizuri, maana skuli sidhani kama wanaambiwa. Satelaiti ya kwanza kabisa ya kazi hii ilirushwa kutoka jukwaa la Wataliano la San Marco, baharini hapo Malindi, bahari hii hii yetu, tarehe 12 Disemba 1970, na kwa vile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya wakaiita Uhuru. Jina la Kiswahili! Iligundua vyanzo vya eksirei zaidi ya 300 angani, na Riccardo Giacconi aliyeiongoza akapata tuzo ya Nobel ya fizikia 2002. Mimi kila nikilikumbuka hili nafurahi.

Kasoro ya zilizopo ni umri. Chandra ya Marekani na XMM-Newton ya Ulaya zote zilipaa 1999, na Chandra iko mbali, inafika mpaka thuluthi ya njia ya kwenda mwezini, fundi hafiki huko. Halafu Chandra inaona kwa ukali katikati tu ya picha, pembeni ukungu. Vioo vyake si kama vya kujitazamia, eksirei ikikipiga kioo uso kwa uso inazama, kwa hiyo inabidi ipite kwa kuparaza, kama kijiwe unachokirusha mlalo pwani kikarukaruka juu ya maji, ndiyo maana vioo vinakuwa kama mabomba yaliyoingizwa moja ndani ya jengine.

Japani walirusha darubini mpya, XRISM, Septemba 2023, kipimo chake kimepozwa karibu na nyuzi hasi 273 ili kihisi joto la chembe moja moja ya eksirei. Ulaya wanaandaa nyengine, NewAthena, mpango ni kuirusha 2037. Marekani, Oktoba 2024 shirika lao la anga, NASA, liliteua miradi miwili ishindane, mmoja ni AXIS, unaotaka picha kali mpaka pembeni ili kutafuta mashimo meusi ya mwanzo mwanzo wa ulimwengu, na mshindi alipangiwa kurushwa 2032.

Kijana akitaka asisubiri huko, data za Chandra zimewekwa wazi kwenye intaneti, bure, anaweza kuzishusha leo. Mwambie akaze fizikia na hesabu, na ajifunze Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta.