Kaburi linaloingiwa na jua: niende au nisiende?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Niko masomoni Dublin na likizo hii ya Desemba sirudi nyumbani. Kuna wenzangu wananiambia niende Bonde la Boyne nikaone Newgrange, kaburi la kale ambalo jua linaingia mpaka ndani, ila wengine wanasema ni kilima tu cha majani na ukuta wenyewe umejengwa juzijuzi, nisipoteze hela. Eti ni la zamani kuliko piramidi? Na hilo jua naweza kuliona?

JIBU: Nenda ndugu yangu, tena tiketi ibuki mapema kwa mtandao maana huwezi kufika tu kilimani ukaingia, lazima upitie kituo cha wageni kisha basi lao ndio linakupeleka.

Piramidi ni kweli kabisa. Newgrange ilijengwa kama mwaka 3200 K.K. na piramidi kubwa ya Giza kule Misri ilikuja zaidi ya miaka 500 baadaye. Hao wa ukuta nao hawajakosea sana, ule weupe wa mbele ulisimamishwa upya baada ya uchimbaji wa profesa O'Kelly, mtaalamu wa mambo ya kale, uliofanyika kati ya 1962 na 1975, mawe ni ya kale ila wataalamu mpaka leo wanabishana kama yalikaa vile. Mimi nakwambia usiuangalie sana ukuta, utamu uko ndani. Unapita ujia wa mita 19 hivi, mwembamba kiasi kwamba sehemu nyingine unapita kiubavu, halafu unatokea kwenye chumba chenye dari la mawe yaliyopangwa moja juu ya jingine mpaka yakafunga juu, na miaka 5,000 yote hiyo maji ya mvua hayajapenya! Kuna jiwe limechorwa mizunguko mitatu iliyoshikana, simama hapo usiwe na haraka.

Sasa jua. Juu ya mlango kuna kidirisha, na asubuhi za karibu na 21 Desemba miale inapita hapo inatambaa sakafuni mpaka chumbani, inakaa kama dakika 17 basi. O'Kelly alilishuhudia mwaka 1967 akiwa peke yake humo gizani. Kuingia siku hizo ni bahati nasibu na wanaoomba ni maelfu, lakini siku za kawaida wanazima taa wakawasha moja inayoigiza jua na hata hiyo inasisimua jamani.

Ukipata nafasi usiiache Knowth, kaburi jingine la kale, iko hapohapo jirani, ndani huingii ila mawe 127 yaliyoizunguka yamejaa michoro, kwangu mimi inaishinda Newgrange kwa hilo.

Na usiposhinda bahati nasibu, alfajiri ya 21 watu hukusanyika nje ya mlango kulisubiri jua, nawe nenda, vaa koti zito na uombe mawingu yapungue.