Kama tunaokolewa kwa imani tu, kwa nini nirudishe hela niliyoiba? Jibu la aliyekuwa karani wa mizani

Mkuu mleta mada, nimesoma swali lako mara mbili, nikasoma na majibu ya wadau, nikaona nisipite kimya. Kwa mnaoingia sasa hivi: mwenzetu alikuwa keshia, na kwa miaka miwili alikuwa anachomoa hela kidogo kidogo kwenye droo ya bosi wake. Mwezi uliopita ameokoka. Mchungaji wake kamwambia ya kale yamepita, asonge mbele, maana kurudisha ni kutaka kujiokoa kwa matendo. Rafiki yake Mkatoliki kamwambia pasipo malipizi hakuna msamaha. Anauliza nani yuko sahihi. Nusu ya wachangiaji wamemshauri auchune, bosi mwenyewe tajiri.

Mimi sijasomea theolojia. Nilichonacho ni mizani.

Nilizaliwa Kagera, nikabatizwa nikiwa mchanga, nikapata kipaimara KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), nikaimba besi kwaya ya usharika. Baada ya shule nikapata kazi ya ukarani wa mizani kwenye chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa. Kazi yenyewe ni kupima kahawa ya maganda, kuandika kilo daftarini, kumkatia mkulima stakabadhi. Wizi wa pale ni mwepesi kuliko mnavyodhani. Gunia la sandarusi likiwa tupu halifiki hata robo kilo, ila mimi nilikuwa nakata kilo mbili "za gunia". Mkulima akiuliza, namwambia ni unyevu. Jioni zile kilo za ziada naziandika kwa jina la shemeji yangu, ambaye shamba lake halikuwa na mbuni hata mmoja, ni migomba mitupu. Malipo yakitoka tunagawana. Misimu mitatu tulifanya hivyo, na sikumbuki kukosa mazoezi ya kwaya.

Katika misimu hiyo hiyo niliongozwa sala ya toba mara nne. Mara mbili kwenye mikutano ya injili ya uwanjani, mara moja kwenye semina ya vijana, mara moja peke yangu chumbani saa nane usiku. Kila mara nililia kweli, si maigizo. Kila mara nilikaa wiki nzima nikiwa mwepesi kama nimetua mzigo. Halafu Jumatatu ya pili nasimama kwenye mizani, mkono unakata kilo mbili wenyewe.

Siku moja akaja bibi mmoja na gunia lisilojaa, kalibeba mjukuu wake kwenye baiskeli. Mshale ukasimama kwenye thelathini na moja na nusu. Bibi akaikaribia mizani, akakunja uso, akaniambia, "Nisomee mwanangu, macho yangu hayaoni tena." Nikasoma: ishirini na tisa na nusu. Akarudia ile namba polepole, kama anaiweka mahali, akanishukuru, akaondoka.

Usiku ule sikulala, na nitakuwa mwongo nikisema ni Roho Mtakatifu peke yake. Niliogopa pia kwamba yule mjukuu aliona mshale. Lakini kilichonichoma zaidi ni kwamba nilikuwa tayari kuomba toba mara ya tano, na nikajua kabisa kwamba Jumatatu nitakata tena.

Baba yangu mkubwa alikuwa mlokole wa zile siku za Uamsho. Kwa vijana msiojua: Uamsho wa Afrika Mashariki uliwaka miaka ya 1930 pale Gahini, Rwanda, ukatapakaa Uganda, ukaingia kwetu Buhaya na Kenya, ndiyo maana mpaka leo wazee wa Kilutheri Kagera wanaimba wimbo wa Tukutendereza kwa Kiganda bila kumuuliza mtu maana yake. Hata Askofu Josiah Kibira, aliyekuja kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani mwaka 1977, alitoka katika uamsho huo. Watu wale walikuwa na tabia moja iliyowaudhi wengi: mtu akiokoka, kesho yake anaonekana barabarani amebeba kitu cha watu anakirudisha. Waliita kutembea nuruni, wakiishika 1 Yohana 1:7.

Nikamwendea mzee jioni. Nikamwambia, baba, nimetubu mara nne na sioni kitu. Akaniuliza, "Umetubu nini?" Nikajibu, dhambi zangu. Akasema, "Zina majina?"

Nikanyamaza. Hakunihimiza. Alikuwa anamenya ndizi, akaendelea kumenya. Mwishowe nikazitaja, kuanzia kilo mbili mpaka jina la shemeji. Alipomaliza kusikia hakuniambia nikalipe. Alifuta mikono, akanituma nilete Biblia, akafungua Luka 19, akaniambia nisome kwa sauti na nitafute ni wapi Yesu anamwambia Zakayo arudishe.

Nendeni mkasome wenyewe, hakuna. Zakayo ni mkubwa wa watoza ushuru Yeriko, tajiri wa hela za watu, yuko juu ya mkuyu. Anachoambiwa ni "shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako". Bado hajatoa hata senti. Hajaungama. Mgeni anaingia kwanza. Ni baada ya hapo, umati wote ukinung'unika, ndipo mwenyewe anasimama na kusema nusu ya mali nawapa maskini, na niliyemnyang'anya namrudishia mara nne. Na hiyo mara nne si ya mchezo. Walawi 6 inamtaka mwenye hatia kama hiyo arudishe mali na kuongeza sehemu ya tano tu, na mara nne kwenye Kutoka 22 ni ya mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumuuza. Zakayo anajihesabia kama mchinja kondoo wa watu, na hakuna aliyemshika mkono.

Ule mpangilio ndio ulionifungua macho. Mimi nilikuwa nimeigeuza sala ya toba kuwa mhuri, ukishapigwa faili limefungwa. Nilikuwa nalilia hofu yangu ya moto. Kahawa ya yule bibi sikuwahi kuililia. Paulo amelitenga hilo vizuri kwenye 2 Wakorintho 7:10, huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu na huzuni ya dunia. Zote mbili zina machozi, kwa hiyo usipime toba kwa machozi.

Sasa upande wa pili, na hapa nawajibu wadau waliosema "mwambie arudishe tu, atakuwa huru". Jamani, Yuda alirudisha. Mathayo 27 inasema alijuta, akavipeleka vile vipande thelathini kwa wakuu wa makuhani, akakiri waziwazi kwamba amekosa kwa kuisaliti damu isiyo na hatia. Ukitazama kwa macho ya hesabu, Yuda ametimiza kila kitu: majuto, maungamo, malipo. Wale wazee wakamjibu hayo yatupasani sisi, yaangalie wewe mwenyewe. Akaenda kujinyonga. Petro naye alimkana Bwana mara tatu, alilia, hana kitu cha kurudisha, lakini alibaki mahali ambapo Yesu angemkuta. Neno toba lenyewe tumelipata kwa Kiarabu na asili yake ni kurudi, kama lilivyo neno la manabii katika Kiebrania. Yuda alirudisha bila kurudi. Alipeleka fedha kwa makuhani, yeye mwenyewe hakwenda kwa aliyemsaliti.

Ndiyo maana nasema mchungaji wako ameona jambo la kweli. Waefeso 2:8-9 haina kona: tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo. Yule mwizi msalabani aliahidiwa pepo siku ile ile, na mikono yake imepigiliwa, hakuwa na namna ya kumlipa mtu. Hata ungelipa mara kumi, deni ulilonalo kwa Mungu si la droo. Daudi ameua mume wa mtu na kuchukua mke, halafu kwenye Zaburi 51 analia kwamba amemtenda dhambi Mungu peke yake. Zamani nilidhani anamruka Uria, yule mume aliyemuua. Siku hizi naona anasema chini ya kila wizi kuna kitu kikubwa zaidi, moyo uliomwambia Mungu "hapa nitajipangia mwenyewe". Hicho hakina stakabadhi. Kililipwa na mwingine pale Golgotha, na imani ni kuliegemea hilo kwa uzito wako wote, kama unavyoegemea fimbo mguu ukiwa umevunjika.

Ila mchungaji amekosea alipotumia "ya kale yamepita" kufuta deni la bosi. Kilichopita ni mtu wa kale. Droo bado ina pengo. Aliyeandika maneno hayo ni Paulo, na ndiye huyo huyo aliyemwandikia Filemoni kuhusu Onesimo, mtumwa aliyekuwa ameokoka kama wewe. Hakumwambia Filemoni sahau. Alisema kama amekudhulumu au unamdai kitu, kiandike juu yangu, mimi nitalipa, na akaliandika hilo kwa mkono wake. Deni likabaki deni, likapata mlipaji. Na ukisoma Waefeso usikomee mstari wa 9. Wa 10 unasema tumeumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema.

Rafiki yako Mkatoliki naye msimcheke. Katekisimu yao, namba 1459, inasema ondoleo linaondoa dhambi, lakini haliponyi vurugu zote zilizoletwa na dhambi, na mfano wa kwanza inaotoa ni kurudisha vitu vilivyoibwa. Akisema "pasipo malipizi hakuna msamaha" kafupisha vibaya, ila kurudisha kashika. Watu wanadhani suala hili ni vita ya Luther na Roma iliyoganda mwaka 1517. Tarehe 31 Oktoba 1999 kule Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, katika imani, si kwa stahili yetu, na kwamba Roho anayefanya upya moyo ndiye anayetuita kwenye matendo mema. Tofauti zipo, lakini si hizo tunazorushiana humu.

Narudi kwangu. Nilianza na mwenyekiti wa chama. Kazi ilikwisha siku hiyo hiyo. Kamati ilijadili polisi, ikaamua niandike barua ya kukiri na kulipa kwa awamu tatu. Nikauza pikipiki. Shemeji aliona nimemchoma, na dada yangu alikaa mwaka mzima hapokei simu yangu. Hilo hakuna aliyenionya, kwa hiyo nakuonya wewe: ukiungama, ungama ya kwako. Mwenzako wa wizi kamwone kwanza, mpe muda, usimburuze.

Kwa wakulima niliowakumbuka nilikwenda mlango kwa mlango. Nisiowakumbuka, hela yao niliiacha chamani igawanywe, maana Hesabu 5 inaonyesha kwamba hata mwenye mali akikosekana, mkosaji habaki nayo. Yule bibi nilimkuta uani anaanika maharage. Nikaamkia, nikapiga magoti, nikasema yote, nikampa hela ya kilo mbili na nyongeza. Akaihesabu kwa kuipapasa, noti moja moja. Kisha akaniuliza, "Na msimu uliotangulia?"

Mkuu, nilikuwa nimesahau. Yeye hakusahau. Magunia mawili, na alijua yalipimwa siku gani. Nikaahidi kurudi Jumamosi. Hakuniambia amenisamehe, wala sikumuuliza. Aliingia ndani akatoka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akaniwekea punje mbili kiganjani kama anavyofanyiwa mgeni yeyote kwetu. Nilizitafuna njia nzima.

Baada ya hapo nikaingia kwenye shimo jingine. Nikaanza kutoa ushuhuda kila kona, nataja pikipiki, nataja kiasi, watu wanapiga vigelegele. Baba mkubwa akaniuliza siku moja tukitoka ibadani, "Ushuhuda wako unamtaja Yesu mara ngapi?" Nilihesabu usiku. Mara moja, mwishoni, kwenye Bwana asifiwe.

Kwa hiyo ushauri wangu, keshia. Usirudishe ili usamehewe. Kama umemwamini Kristo, mgeni ameshaingia ndani, rudisha kwa sababu hiyo. Kama bado una wasiwasi kwamba hajaingia, usianze na droo, anza naye. Kaa chini uandike kiasi kwa uaminifu, na ukikosa uhakika jikadirie juu. Fahamu kwamba wizi wa mwajiriwa ni jinai na bosi ana haki ya kwenda polisi. Msamaha wa Mungu haumfungi yeye mikono, kwa hiyo ongea kwanza na mtu anayejua sheria, na mwenzi wako ajue kabla hujatoka nyumbani. Usimtumie hela kimyakimya kwa simu bila jina ukaita toba, hiyo ni kujificha kwa gharama kubwa.

Na usiende jioni dukani kukiwa na wateja. Nenda asubuhi kabla hajafungua, awamu ya kwanza iwe mkononi.